Kanuni za Mpito za Somo la Kipigo

Msiniulize nchi hii iko wapi. Ukitaka kuijua, tembea mpaka ufike mahali ambapo mtu akishapigwa huulizwa kama ameridhika na huduma. Hapo umefika, karibu. Sisi wenyeji tunaiita Jamhuri ya Shwari, na anayesema si shwari hutulizwa. Mimi ni mhadhiri wa sheria katika chuo kikuu pekee tulicho nacho, nafundisha mikataba, na nilikuwa katibu wa kamati iliyotunga kanuni ninazotaka kuwasimulia. Nasimulia kwa fahari, maana nimesikia wageni wakitusema vibaya, na siri ya mtungi aijuaye kata.

Mambo yalianzia mahakamani. Wakili mmoja kijana alimbana askari kizimbani, akamuuliza, "Ulimpiga mteja wangu kwa mamlaka gani?" Askari, mtu mkweli, akajibu, "Kwa rungu." Watu wakacheka. Kicheko kile kilitoka mahakamani, kikapita sokoni, kikafika Ikulu, na Mlezi Mkuu wa Taifa hapendi kicheko asichokianzisha mwenyewe. Akamwita Waziri wa Sheria na Utii, Mheshimiwa Nyangasa, akamwambia, "Hawa mawakili kila siku rungu, rungu. Wamewahi kulionja?"

Waziri akaja chuoni na msafara wa magari, akapanda jukwaani.

"Ndugu wanataaluma!" akanguruma. "Mpishi huonja mchuzi wake. Seremala hukalia kiti chake kabla ya kukiuza. Ni mwanasheria peke yake anayekula mshahara kwa kuzungumzia maumivu asiyoyajua! Fimbo ya mbali haiui nyoka, na mimi nimekuja kuileta fimbo karibu. Kuanzia leo, hakuna shahada ya sheria bila kufaulu somo la Kipigo. Kipigo cha Awali, mwaka wa kwanza. Kipigo cha Kati, mwaka wa pili na wa tatu. Na mwaka wa nne, Kipigo cha Juu, pamoja na tasnifu!"

Tulipiga makofi. Mkuu wa kitivo alipiga makofi mpaka saa ikamchomoka mkononi. Kesho yake askari wa Kikosi cha Kutuliza waliajiriwa kuwa wahadhiri wa somo jipya, na kiongozi wao, Sajini Mangushi, mtu wa shingo fupi na mikono mirefu, akapandishwa siku hiyohiyo kuwa mhadhiri mwandamizi, cheo ambacho mimi nimekiomba tangu nina nywele. Sikuona wivu. Niliona kizunguzungu tu, nikaenda kulala.

Wanafunzi wapya hawakuwa na shida. Samaki mkunje angali mbichi, na hawa walikuwa wabichi kabisa. Shida ilikuwa wale wa mwaka wa mwisho, samaki wakavu, waliokwisha maliza vitabu vyote na kubakiza muhula mmoja. Ukimkunja mkavu anavunjika. Ndipo ikaundwa kamati yetu itunge kanuni za mpito, ili mkavu naye akunjwe bila serikali kulaumiwa kwa vipande.

Tulifanya kazi kwa haki. Tuliamua kwamba mwanafunzi wa mtaala wa zamani atapokea vipigo vyote vya miaka minne katika muhula huohuo mmoja, navyo tukaviita vipigo vya fidia. Lakini hatukuwa na roho mbaya. Aliyewahi kupigwa huko nyuma aliruhusiwa kuleta makovu yake yatambuliwe. Na ambaye mwili wake hauwezi kupokea aliruhusiwa kutoa, yaani kumpiga mtu mwingine, ila mapigo matatu ya kutoa yalihesabiwa kuwa moja la kupokea. Padri wa chuo alitukumbusha kwamba ni heri kutoa kuliko kupokea. Tulimshukuru, tukamwambia heri haina alama.

Siku ya kutambua makovu, foleni ilizunguka jengo la utawala mara mbili, watu vifua wazi. Kijana mmoja alileta alama za pasi ya moto aliyochomwa na mama wa kambo. Tukazikataa, kwa kuwa mama wa kambo hakuwa na shahada ya uzamili. Mwingine alisema amepigwa kwenye maandamano, mgongo mzima.

"Ulipigwa mpaka mwisho?" nikamuuliza.

"Hapana, mwalimu. Nilipata upenyo nikakimbia."

"Basi ulitoroka kipindi. Mahudhurio hayatoshi."

Mwingine alileta goti lililochubuka. Sajini Mangushi akainama, akalinusa, akacheka. "Hii ni lami," akasema. "Umeanguka na bodaboda. Lami haina silabasi." Akamzaba kibao kimoja cha udanganyifu, na nacho hatukukihesabu.

Hapo ndipo akaingia Zena Kiyungi.

Huyu alikuwa mwanafunzi wangu wa mwaka wa nne, mrefu, sauti kavu, asiyecheka na utani wangu hata siku ya mtihani. Mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya plasta tangu begani, na meno ya mbele hayakuwepo. Sababu yake kila mtu aliijua. Ana mdogo wake, Hamdu, kinyozi. Siku moja Hamdu alikuwa anamnyoa mteja ndevu huku redio inatoa hotuba ya Mlezi Mkuu, aliyesema kwamba mwaka huu chakula ni kingi mno, na wenye njaa wana njaa kwa kuchagua. Hamdu akacheka. Wembe ulikuwa mkononi, mteja alikuwa mtu wa serikali, na kumcheka Mlezi Mkuu ukiwa umeshika silaha ni uhaini. Uhaini kwetu ni kitanzi. Kesi ikapangwa Jumatatu baada ya mahafali, na mawakili wote wa nchi, kwa bahati mbaya, wakapata mafua ya siku hiyo. Aliyebaki ni dada yake, naye bila shahada haruhusiwi kufungua mdomo mahakamani.

"Naomba kipigo changu kitambuliwe," Zena akasema. "Nilipigwa nyumbani, usiku walipokuja kumchukua Hamdu. Mkono umevunjika, meno haya hapa." Akaweka kitambaa mezani, akakikunjua.

"Nani alikupiga?"

Akamnyooshea kidole Sajini Mangushi, aliyekaa kulia kwangu anakula karanga.

Sajini akamtazama vizuri, uso ukamchangamka. "Ni kweli, ni mimi! Nakukumbuka, mwanangu. Ulisimama vizuri sana mlangoni. Wengine hukimbilia uvunguni."

Nilifurahi, nikashika kalamu. Lakini mkuu wa kitivo, mtu makini, akakohoa. Usiku ule, akasema, mtaala mpya ulikuwa haujapitishwa. Chini ya mtaala wa zamani kumvunja mtu mkono ni kosa la jinai. Tukikitambua kipigo kile, tutakuwa tumemtambua Sajini kuwa mhalifu, na mhalifu hawezi kuwa mhadhiri mwandamizi. Kwa hiyo, kwa heshima ya chuo, kipigo kile hakikutokea.

"Na mkono?" Zena akauliza.

"Mkono una ugonjwa," akasema mkuu wa kitivo. "Pole sana. Na kanuni zinasema mgonjwa hafanyi mtihani wa vitendo. Pona kwanza, uje uvunjwe ukiwa mzima."

Zena hakulia. Aliupandisha mkono, akaupiga kwenye ukingo wa meza yetu, mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka plasta ikapasuka na vipande vikaruka kwenye chai yangu. "Nimepona," akasema, midomo imegeuka majivu. "Sitaki kumpiga mtu. Nipigeni mimi."

Sajini akaugusa mkono ule kwa ncha ya rungu, kuugusa tu, na Zena akaanguka chini amezimia. Tukaandika kwamba hawezi kupokea. Atatoa.

Mtihani ulifanyika asubuhi katika ukumbi wa michezo, baada ya wimbo wa taifa. Upande wa kushoto walipangwa wanaopokea, wameshika bomba la ukutani, namba mgongoni. Upande wa kulia wanaotoa, na mbele yao mahabusu walioletwa na lori la magereza, ambao kwenye bajeti waliandikwa vifaa vya kufundishia. Kengele ikalia.

Niwe mkweli, kelele zilikuwa kubwa kuliko nilivyotarajia. Rungu likimpata mtu ubavuni linatoa sauti nzito, likimpata kwenye kifundo linatoa sauti ya kuni kavu, na sakafu iliyong'arishwa kwa ajili ya mpira wa kikapu ikaanza kuteleza. Kijana mmoja mpole, bingwa wa sheria ya ardhi, alipigwa kichwani pigo ambalo halikuwemo kwenye silabasi. Damu ikamtoka masikioni, akafa kabla ya mapumziko ya chai. Kamati ilikaa palepale. Tukakubaliana kwamba amefaulu kuliko wote, na mama yake akabidhiwe shahada ya daraja la kwanza pamoja na mwili. Mama alichukua mwili, shahada akaikataa. Wako watu hawajui thamani ya elimu.

Upande wa kulia kulikuwa na bidii zaidi. Nilimwona binti mmoja aliyekuwa akipiga mayowe akiona mende darasani, anavunja vidole vya mzee mmoja, anahesabu kwa sauti ili asipunjwe. Vijana niliowafundisha kwamba mkataba ni makubaliano ya hiari walipiga kama wanaopura maharage. Nilitamani kugeuka nitazame dirishani, nikageuka, nikatazama.

Zamu ya Zena ikafika. Akapewa rungu, akalishika kwa mkono wa kushoto. "Mleteni yule kinyozi," akasema Sajini. Baadaye aliniambia ilikuwa ratiba tu, na mimi sina sababu ya kutomwamini mhadhiri mwenzangu.

Hamdu aliletwa anaburuta mguu. Jicho moja lilikuwa limefumba. Zena alipomwona, rungu lilimdondoka.

"Sifanyi," akasema.

"Usipofanya umefeli," Sajini akamwambia kwa upole. "Ukifeli, Jumatatu atasimama peke yake. Mimi sikulazimishi, mwanangu. Elimu ni hiari."

"Dada, okota," akasema Hamdu.

"Hamdu, nyamaza."

"Okota, dada. Huko ndani wote wamenipiga bure. Wewe angalau nipige kwa faida."

Akaliokota. Pigo la kwanza lilimgusa begani. "Hiyo ni salamu," akasema Sajini. "Sihesabu." La pili pia hakulihesabu. Hamdu akainama, akampa mgongo. "Kwa nguvu, dada. Usinicheleweshe."

Basi Zena akapiga. Akapiga kama mtu aliyefumba macho, na kweli alikuwa amefumba, machozi yanapenya kope, kila pigo likitoa vumbi kwenye shati la magereza, kisha vumbi likaisha ikaanza kutoka damu. Hamdu alivumilia mengi. Halafu pigo moja likampata palepale palipokwisha pigwa, akalia, "Nimekosa, dada! Nimekosa, sirudii tena!"

Niwaeleze wasio wa kwetu. Kwetu mtoto hujifunza maneno haya kabla hajajua kuhesabu. Maziwa yamwagwe na yeye au na paka, akipigwa atasema nimekosa sirudii tena, maana mkubwa haachi mpaka ayasikie. Ni adabu. Mama yao alikufa mapema na Zena ndiye aliyemlea Hamdu, na nadhani Hamdu alipoyasema hakuwa kwenye ukumbi wa michezo tena, alikuwa jikoni kwao, ameiba sukari. Zena alisimama, rungu hewani. Sajini akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Hodari," akasema. "Daraja la pili."

Mahafali yalifana. Kila mhitimu alipewa joho, kofia, na rungu la mninga lenye utepe wa rangi za bendera, ambalo kwa mtaala mpya wakili huingia nalo mahakamani kama zamani alivyoingia na kitabu. Na Jumatatu ikafika.

Mahakama ilijaa. Waziri Nyangasa alikaa mstari wa mbele, mimi nyuma yake. Jaji alikuwa mzee mnene mwenye haraka ya chakula cha mchana. Zena alisimama, mkono mmoja kwenye kitambaa kilichofungwa shingoni, mkono mwingine mezani, na lazima niseme, alifanya kazi. Alimchambua yule mteja wa serikali mpaka akakubali kwamba masikio yalikuwa yamejaa povu, kicheko hakukisikia, alihisi tu wembe unatetemeka. Watu wakaanza kunong'ona. Nilisikia kitu kifuani, nikadhani ni fahari, nikakizuia upesi.

Ndipo mwendesha mashtaka akamwita Sajini Mangushi.

"Mshtakiwa amekwisha kukiri," akasema Sajini. "Nilimsikia kwa masikio yangu. Alisema, nimekosa, sirudii tena."

"Napinga!" Zena akasema. "Kukiri mbele ya polisi hakupokelewi."

"Siku ile sikuwa polisi," akajibu Sajini. "Nilikuwa mhadhiri. Na aliyempiga pia hakuwa polisi." Akanyoosha mkono wake mrefu. "Alikuwa huyo. Mshtakiwa alikiri kwa wakili wake mwenyewe."

Jaji akatabasamu, akafunga kitabu, akaanza kusafisha koo kwa ajili ya kitanzi. Nilimwona Zena akiishika meza. Nilimwona Hamdu kizimbani akimtikisia kichwa dada yake, kumwambia si kosa lako, na hapo nilipata uchungu, sijui kwa nini, mimi si ndugu yao.

"Mheshimiwa Jaji," akasema Zena, "kabla ya hukumu naomba kutoa kielelezo kimoja."

"Toa, ila upesi."

Zena akachukua rungu lake lenye utepe, akapanda ngazi za baraza mpaka juu, akampiga Jaji begani.

Askari hawakusogea, kwa sababu kielelezo kilikuwa kimeruhusiwa. "Unafanya nini!" Jaji akapiga kelele. Zena akampiga tena, mfupa wa bega ukalia kama kuni kavu. Jaji akateleza chini ya kiti, wigi likabaki juu. Zena akainama, akampiga magoti, akampiga mgongo, kwa mkono wa kushoto, taratibu, macho wazi.

"Basi!" akalia Jaji. "Basi, mama! Nimekosa! Nimekosa, sirudii tena!"

Zena akashusha rungu. Ukumbi ulikuwa kimya, anasikika karani tu akiandika, maana karani wetu huandika kila kinachosemwa.

"Mheshimiwa Jaji amekiri uhaini," akasema Zena, akipumua. "Kicheko kilikuwa kimoja na waliokiri sasa ni wawili. Naomba mahakama iamue nani anyongwe."

Waziri Nyangasa akaruka kutoka kitini. "Upuuzi!" akanguruma. "Huko si kukiri! Mtu yeyote akipigwa husema hivyo! Hata mimi ningesema! Hata Mlezi Mkuu mwenyewe ang..." Akauziba mdomo kwa mikono miwili, lakini karani alikuwa amekwisha kuandika.

"Mheshimiwa Waziri amemaliza utetezi wangu," akasema Zena. "Sina la kuongeza." Akashuka, akaketi.

Jaji aliandika hukumu akiwa amelala chali. Alisema maneno ya mtu anayepigwa ni kelele za mwili na hayana uzito wowote kisheria. Akamwachia Hamdu huru. Kisha, kwa sauti ndogo, akaagiza wakili akamatwe kwa kumpiga jaji, kosa ambalo nalo kwetu ni kitanzi.

Walimkamata pale pale kwenye ngazi za mahakama, wakampiga mbele yetu sote. Sajini Mangushi alipiga mwenyewe, akamvunja tena ule mkono, akamwambia, "Sema, mwanangu. Sema tu umekosa, nikuache." Zena hakusema. Alipigwa mpaka rungu la mninga likapasuka katikati, naye hakusema neno. Walimtupa kwenye lori akiwa bado hajasema.

Kesi yake imepangwa baada ya miaka minne, mpaka mfupa wa Jaji uunge na wapatikane mawakili waliolelewa na mtaala mpya tangu mwanzo, maana hawa wa mpito wameonekana kuwa na kasoro. Kanuni zetu zimefutwa. Kilichobaki ni kile kipengele cha kutambua makovu tu, kwa wanafunzi wapya.

Muhula ulipofunguliwa nilikuwa mezani naandikisha mwaka wa kwanza. Akaja kijana anayechechemea, jicho moja dogo kuliko jingine, na cheti cha sekondari.

"Kozi gani?"

"Sheria," akasema Hamdu.

Nilimweleza yote. Miaka minne, vipigo vya kupokea tu, hakuna kutoa. Akasema ameelewa. Nikamwambia kwamba kile alichopigwa mahabusu hakina msimamizi aliyesajiliwa, pole. "Lakini kipo kile cha dada yako," nikasema, na nilisema kwa nia njema kabisa. "Kilisimamiwa, kina alama, kitakuondolea Kipigo cha Awali chote. Nikiandike?"

Akakunja cheti chake.

"Kile hakikuwa kipigo, mwalimu," akasema.

Nikaacha nafasi ile wazi. Nikamwonyesha foleni ya mwaka wa kwanza, naye akaenda akasimama nyuma ya wenzake, akaanza kuvua shati.